Pale Anapoketi Kopolo

Busia, upande wa Kenya
3 Machi 2024

Mpendwa Baba Mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Mkubwa Joan. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Griffins anawasalimu, na amesisitiza niandike jina lake kwa sababu safari iliyopita mlisema anaringa. Biashara ya viatu vya mitumba inakwenda polepole. Mvua ikinyesha watu wananunua ndala tu.

Naandika barua kwa sababu kukupigia simu ni kuburudisha majirani. Mara ya mwisho nilipaza sauti hadi mama wa duka la pili akaja kuuliza nani amekufa. Wewe mwenyewe ulisema sikio moja bado liko kazini na lingine limestaafu, basi tuyape macho kazi. Wilkister, yule rafiki yangu anayekuja soko la Nagongera kununua karanga, amekubali kubeba zangu kuja na zako kurudi.

Jambo lenyewe ni Kopolo. Wilkister anasema alimwona barabarani peke yake, na watu wa sokoni wakamwambia amekula bata wa Mzee Opolot. Baba yangu alikaa na mbwa huyu miaka sita na sikuwahi kusikia habari ya bata. Tumemzika Novemba, na leo mbwa wake ana kesi. Najua nilikuachia mzigo. Mwenye nyumba wangu hapa hataki hata paka. Lakini huyu ndiye aliyelala mlangoni kwa baba wakati wote wa ugonjwa, na sitaki kusikia kwamba amepigwa mawe. Niambie ukweli, anakaaje huko?

Binti yako,
Phiona Aboth


Iyolwa, Tororo
19 Machi 2024

Kwa Phiona, binti wa mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka karanga. Niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Mama Mkubwa wako. Magoti yanamsumbua lakini bado anashinda shambani. Nimepanda mihogo, mwaka huu sehemu kubwa kidogo kuliko mwaka jana. Mwambie Griffins salamu zake zimepokelewa na kuringa kwake kumesamehewa.

Kuhusu mbwa wa baba yako. Sitamwita kwa jina lile. Phillip alimpa jina hilo mwaka niliostaafu magereza, baada ya miaka thelathini, nikiwa na cheo cha kopolo. Alilitoa makusudi, ili kila asubuhi asimame uwanjani kwake na kuita, "Kopolo, njoo ule," na mimi nisikie nikiwa huku chini. Wakati huo nilikuwa nasikia vizuri.

Ripoti ni hii. Nilimfunga kwa kamba ya katani, akaitafuna. Nilimfungia jikoni, akachimba chini ya mlango. Bata ni kweli, na si mmoja. Opolot alikuja hapa na manyoya mkononi akasema, "Mzee, hii mbwa yako nakula bata yangu mbili. Nakula ya tatu, mimi namaliza yeye." Nikamwambia si mbwa wangu. Akasema, "Nalala kwako, ni yako."

Mwezi uliopita mtoto wa kijiji cha jirani aliumwa na mbwa mwenye kichaa, kwa hiyo watu hawana mchezo. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Okware, aliitisha mkutano. Imeamuliwa kwamba kuanzia tarehe moja Agosti, mbwa yeyote atakayekutwa nje ya ardhi ya mwenyewe atauawa, na mwenyewe hatakuwa na la kusema. Nimelinda wezi na wauaji miaka thelathini, na waliotoroka katika zamu yangu ni wawili. Huyu ametoroka mara kumi na moja tangu Krismasi.

Usiniambie nijenge ua. Huku hakuna mtu mwenye ua.

Ni mimi,
Owor


Busia
2 Aprili 2024

Mpendwa Baba Mkubwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe Mama Mkubwa pole ya magoti. Nimempa Wilkister amletee viatu vyepesi vya saizi yake, visivyo na kisigino. Asivihifadhi kwa ajili ya kanisa, avivae shambani. Mimi niko salama. Mvua imeharibu paa la kibanda changu lakini nimefunika na turubai.

Nimeulizauliza kuhusu Kopolo. Kwanza, achanjwe. Kuna daktari wa mifugo Nagongera anaitwa Annet, Wilkister anamfahamu. Mwambie amhasi pia, kwa maana dume asiyehasiwa hufuata majike hadi wilaya nyingine. Pili, mfunge kwenye waya mrefu uliovutwa kati ya miti miwili, mnyororo wake uwe na pete inayoteleza juu ya waya, apate nafasi ya kukimbia. Kumfunga mahali pamoja kutamfanya mkali.

Na Baba Mkubwa, ua si lazima uzunguke shamba zima. Umeandika kwamba hapo hakuna mwenye ua, sawa. Lakini kama anatorokea upande mmoja, weka nguzo na seng'enge upande huo tu. Nadhani ni upande wa juu, kati ya kwako na kwa baba. Osborn, shemeji yangu, anaweza kuja kukusaidia kuchimba mashimo.

Tarehe moja Agosti si mbali. Naomba usiache kunijibu.

Phiona


Iyolwa
11 Mei 2024

Kwa Phiona,

Hapa tumekuwa na mvua na mazishi mawili, yote ya watu uliowajua kwa sura. Mama Mkubwa amevaa viatu kanisani. Nilimwambia ulivyosema, naye akasema na wewe uje umwambie mwenyewe.

Barua hii imechelewa na Wilkister hana kosa. Alipita sokoni mara tatu na mimi sikuwa na la kumpa.

Daktari Annet alikuja kwa bodaboda. Amemchanja mbwa na kuniachia karatasi, nami nimempelekea Okware akaiona. Amemhasi pia. Mimi nilimshika kichwa. Hakulia, aliniangalia tu muda wote, na sikupenda kuangaliwa vile.

Waya niliuvuta kati ya mparachichi na mfenesi. Siku mbili alikimbia huku na huku hadi akachora mfereji. Siku ya tatu alizunguka shina la mfenesi mpaka mnyororo ukamkaba. Mama Mkubwa alimkuta ulimi uko nje na macho yamegeuka. Alimbeba kwa mikono yake na magoti yale yale, akamzungusha hadi akafunguka. Ameniambia waya huo nisiufunge tena wakati yeye yu hai.

Kuhasiwa hakukubadilisha kitu. Hafuati majike. Kila akitoroka anakwenda mahali pamoja, kwa baba yako. Njia ya moja kwa moja ni kupita kwenye mihogo, lakini mimi huwa nimesimama hapo, kwa hiyo anazunguka kwa barabara au anakata uwanja wa Opolot, na hapo ndipo bata wanapokufa. Nikifika juu namkuta amelala barazani mbele ya mlango uliofungwa. Namrudisha.

Kuhusu seng'enge upande wa juu: hapana.

Owor


Busia
20 Mei 2024

Mpendwa Baba Mkubwa,

Salamu nyingi kwenu. Mwambie Mama Mkubwa asante, tena asante, kwa kumwokoa Kopolo. Nikija nitamletea dawa ya kuchua magoti. Mimi nimehamisha kibanda, sasa niko karibu na stendi. Wateja ni wengi zaidi na kelele ni nyingi zaidi.

Ile "hapana" yako nimeisoma mara tatu. Imesimama peke yake, haina sababu nyuma yake. Wewe ni mtu wa kueleza, hata kisa cha bata ulikieleza. Lakini nimeiheshimu, sitasema tena habari ya seng'enge.

Hapa kuna mzee mmoja anaitwa Imalingat, analinda yadi ya malori na mbwa watatu, na yadi haina ukuta nyuma. Mbwa wake hawatoki. Anasema hivi: mbwa halindwi na ua, analindwa na mazoea. Kila asubuhi na kila jioni umfunge kamba, utembee naye ukingoni mwa ardhi yako yote, njia ile ile, hatua zile zile. Funga vitambaa vyeupe kwenye vijiti ili aone ukingo uko wapi. Akitaka kuvuka, mgeuze bila kumpiga, umpe kipande cha omena, dagaa kavu wa ziwani. Siku arobaini bila kuruka hata moja. Baadaye vitambaa unavitoa na yeye anabaki.

Siku arobaini zinatosha kabla ya Agosti ukianza sasa. Wewe uliamka saa kumi na moja miaka thelathini kuwazungusha wafungwa. Mzungushe na mmoja huyu.

Nakutegemea,
Phiona


Iyolwa
16 Juni 2024

Kwa Phiona,

Hapa ni wazima. Karanga zimekubali, mahindi yamekataa.

Nilianza siku ile ile niliyopata barua. Nilichana shuka nyeupe ya zamani vipande thelathini na vitano, nikavifunga kwenye vijiti kuzunguka ardhi yangu, na nikatembea na mbwa asubuhi na jioni. Siku ya nne nikatembelewa. Okware alikuja na wazee wawili wa ukoo wakasimama kwenye vijiti. Okware akasema, "Mzee Owor, nani nakupa ruhusa ya kupima shamba? Vipimo nafanywa na ukoo wote, si na mtu moja na shuka." Nikawaambia ni kwa ajili ya mbwa. Waliangaliana. Mmoja wao alifuata vijiti vya upande wa juu hadi mwisho, akarudi akitazama chini. Nimeving'oa vyote.

Nimeendelea kumzungusha bila vitambaa. Kazi ya Imalingat haijafaulu. Nikiwa nimeshika kamba anatembea vizuri. Nikiifungua anakwenda kwa baba yako.

Kuna jambo moja tu lisilo la kawaida. Nikimrudisha kutoka juu, anateremka mkia juu bila matata. Akifika kwenye kichuguu, anaketi. Ni katikati ya mihogo yangu, na pale hapana kitu. Anaketi na kutazama mbele kama mtu aliyeambiwa asubiri. Inabidi nimvute kwa shingo hatua tatu au nne, kisha anatembea tena kwa unyonge. Ni kila siku, mahali pale pale. Opolot ameona mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili hakucheka.

Sasa la kwako. Magerezani nilipewa kazi ya kusoma barua za wafungwa kabla hazijatoka na kabla hazijaingia. Niliifanya miaka tisa. Barua zako mbili za mwisho hazina Griffins. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka aandikwe.

Owor


Busia
24 Juni 2024

Mpendwa Baba Mkubwa,

Nawasalimu. Mama Mkubwa amenitumia karanga za kukaanga kwa mkono wa Wilkister na nimezimaliza kabla sijafika nyumbani.

Ulichouliza kuhusu barua zangu tutazungumza siku nyingine.

Nieleze kuhusu kichuguu. Ni kile chenye migongo miwili, ambacho tukiwa watoto tulikipanda kutafuta kumbikumbi? Nakumbuka kilikuwa kwenye mimea ya mpaka, ile ya majani marefu membamba ambayo babu aliipanda alipowagawia ardhi wewe na baba. Ilitoka kwenye kisima, ikapita pale kichuguuni, ikaenda hadi barabarani. Sikumbuki mihogo pale. Lakini mimi ni mtu wa mjini siku hizi, huenda nimesahau.

Nakumbuka jambo jingine. Mwaka aliomleta Kopolo akiwa mdogo wa kubebwa, nilikuja likizo. Baba alikuwa akimzungusha kwenye mimea hiyo kila asubuhi kabla ya chai, mfukoni ana omena. Hakuwa amemsikia Imalingat. Alisema tu, "Huyu lazima ajue kwetu kunaishia wapi, nisije nikagombana na kaka yangu." Kila walipofika kichuguuni alimketisha, akampa omena, wakageuka.

Kwa hiyo nadhani tumekosea tangu mwanzo, mimi na wewe. Kopolo hana haja ya ua. Anao. Wewe unamtoa ndani kila siku na kumvuta nje, halafu tunashangaa anatoroka. Mwache kwa baba. Mpelekee chakula huko. Hatatoka.

Siulizi lolote. Nasema habari za mbwa tu.

Phiona


Busia
15 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Wilkister amerudi mikono mitupu siku mbili za soko mfululizo. Anasema alikuona kwa mbali ukageuza njia. Kama ni mgonjwa, aandike Mama Mkubwa.

Zimebaki wiki mbili. Kopolo yuko wapi?

Phiona


Iyolwa
28 Julai 2024

Kwa binti yangu Phiona,

Sikuwa mgonjwa. Mbwa yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Kichuguu ni kile kile cha migongo miwili. Mimea ya babu niliing'oa mwenyewe mwezi wa Februari, baada ya matanga, nikailundika na kuichoma pamoja na magugu. Nilisogeza mpaka hatua thelathini kupanda juu, nikapanda mihogo haraka ili jani lifunike. Nilijiambia kwamba binti aliyeolewa ng'ambo hatarudi kulima. Nilijiambia kwamba nisipochukua mimi atachukua Opolot. Sababu za aina hiyo nilizisikia sana kazini kutoka kwa waliokuwa upande wa pili wa mlango, na sikuwahi kuziamini. Nimemwibia mdogo wangu, naye hana hata mwaka kaburini. Nimekuibia na wewe.

Kuna jambo baya zaidi na nitaliandika. Barua yako ya Juni ilipofika, niliwaza kwamba Agosti iko karibu, na ikifika, pale kichuguuni hapataketi mtu. Nisingehitaji kufanya lolote. Ningefungua mlango tu. Niliwaza hivyo siku nne, na katika siku hizo nilimlisha mbwa kama kawaida, naye alikula mkononi mwangu. Ndiyo maana nilimkwepa Wilkister. Sikuwa na uso wa kumpa barua.

Jumapili ya tarehe kumi na nne nilikuwa namrudisha kutoka juu, watu wakitoka kanisani. Akaketi. Nikavuta, akakataa, nikavuta tena. Opolot alisimama njiani na familia yake, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Mzee, mbwa nakumbuka mpaka. Wewe nasahau?" Hakuna aliyecheka. Walitazama mihogo, wakatazama mbwa, wakaenda zao. Nami nikaachia kamba. Sikuweza kumvuta tena.

Kesho yake mimi na Mama Mkubwa tuling'oa mihogo. Ilikuwa bado michanga, imekufa bure. Mama Mkubwa alikuwa anajua tangu Februari na hakuniambia neno. Alifanya kazi siku nzima mgongo akiwa amenigeuzia. Nilimwita Okware na wazee wale wawili washuhudie. Mimea ya kupanda sikuwa nayo. Opolot alikata kutoka mpaka wake na wangu, akaleta mzigo begani, akapanda pamoja nami kutoka kisimani hadi barabarani. Bata wake sijamlipa bado. Amesema hilo ni jingine.

Mbwa nilimpeleka juu, nikafungua kamba, nikaondoka bila kugeuka. Leo ni siku ya kumi na tatu. Nakwenda saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni na chakula. Hajatoka hata mara moja. Ananisindikiza nikirudi, hadi kichuguuni, anaketi, ananitazama nikiteremka. Okware amemwandika kwenye orodha ya mbwa wanaokaa kwao.

Nyumba ya baba yako nimeifungua ipate hewa. Mama Mkubwa amesiriba sakafu na ukuta wa nyuma. Paa halivuji. Sikuulizi kuhusu Griffins. Nakuambia tu kwamba nyumba ina mlango, na ardhi yake inaanzia pale ilipoanzia.

Nisamehe. Usiponisamehe nitaelewa pia.

Owor


Busia
4 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii. Nimeichana, ilikuwa na maneno ambayo binti hamwandikii mkubwa wake.

Nilijua tangu Juni. Niliumia, na bado naumia. Ulinibeba begani siku ya kwanza ya shule, kwa hiyo nimekosa mahali pa kuiweka hasira hii. Nimekusamehe kwa sehemu. Iliyobaki itachukua muda.

Griffins aliondoka Machi, wiki mbili baada ya kukusalimu. Yuko Kisumu na mtu mwingine. Niliona aibu kuandika. Chumba hiki nakiacha mwisho wa mwezi huu. Nitakuja na vitu vyangu, na Osborn, ndugu wa Griffins, atanisaidia kubeba, kwa maana yeye hana kosa. Nitauza viatu Nagongera siku za soko na nitalima kwa baba.

Mwambie Mama Mkubwa kwamba sakafu ile nitailalia kwa furaha.

Phiona


Iyolwa
18 Agosti 2024

Binti yangu,

Mama Mkubwa hajanyamaza tangu nimsomee barua yako. Amechagua kuku. Opolot amesema ataleta bata, ili neno la bata liishe kwa amani.

Hesabu ya jioni, tarehe kumi na nane: Kopolo, mmoja, yupo.

Mtakuja kwa njia ya chini, mpite kwangu. Yeye atakusikia kabla hujafika na atateremka mbio. Usishangae akisimama. Ataketi pale kichuguuni, atalia, atatetemeka mwili mzima, lakini hatavuka. Phillip alimfundisha vizuri. Itabidi uvuke wewe.

Owor